Uzi: Mtondoo. Tuuandike mti huu kwa hatua zake, si kwa orodha ya faida

#1 Jani Zuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma na kukusanya maandishi kuhusu miti ya ufukweni, na kuna mmoja unanirudisha kwenye daftari kila mara: mtondoo. Karibu kila orodha ya miti yenye manufaa inaumaliza kwa mstari mmoja: mbao, mafuta, dawa, kivuli. Maneno manne. Hakuna la uongo hata moja, lakini hakuna mtu atakayeweza kufanya kazi yoyote kwa kuyasoma.

Chukueni hilo neno "mafuta". Okota tondoo, yaani tunda la mti huu, lililoanguka karibuni, pasua gamba, toa kiini. Utakuta kitu cheupe kinachoelekea unjano, na hakina harufu ya kukushtua. Kitwange leo na ukikamue leo, utapata unga mbichi na mikono iliyochoka. Wajuzi wa kazi hii hawakikamui kikiwa hivyo. Wanakianika juani, mahali pasipofikiwa na mvua wala umande, na kukiacha mwezi mmoja hadi miwili, mpaka kigeuke rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kianze kunuka na kunata vidoleni. Hapo ndipo mafuta yanapotoka: mazito, ya kijani cha giza, yenye harufu kali isiyosahaulika. Kule kusubiri ndiko ujuzi wenyewe. Mzee anayeijua kazi hii akiondoka, nasi tuliandika "mafuta" tu, tutakuwa tumebaki na jina la sanduku bila vilivyomo.

Kwa hiyo naomba uzi huu tuuandikie mti huu mmoja, vizuri. Naanza na kuutambulisha.

Jina lake la kitaalamu ni Calophyllum inophyllum, alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Sehemu ya kwanza, kwa Kigiriki, ni "jani zuri", na ya pili inasema habari ya jani lenye nyuzi. Ukilishika jani mkononi utaona kuwa aliyelipa jina hakukosea. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, ni mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ukiliinua moja kwenye mwanga unaona mishipa myembamba isiyo idadi ikitoka kwenye mshipa wa kati kwenda ukingoni, yote sambamba, imebanana kama meno ya kitana. Sijaona mti mwingine wa ufukweni wenye jani la namna hiyo. Ukikosea kwenye ua, ukikosea kwenye gome, jani halitakuacha ukosee.

Maua ni meupe, yamefungana katika mashada, na katikati yana nyuzi nyingi za njano zenye chavua. Yananukia vizuri sana, na harufu hukufikia kabla hujauona mti. Tunda ni la mviringo, kijani kwanza, kisha linanyauka na kuwa kahawia. Ndani ya nyama nyembamba kuna gamba gumu, na ndani ya gamba kuna tabaka laini kama kizibo cha chupa linalokizunguka kiini. Tabaka hilo na hewa iliyomo ndivyo vinavyolifanya tondoo lielee. Linaanguka, wimbi linalichukua, linatua kisiwa kingine na kuota. Popo wala matunda nao hulibeba, wakala ile nyama ya nje na kuitupa kokwa mbali na mti mama.

Ndiyo maana mti huu una bahari mbili. Unaukuta pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska, Shelisheli, India, Sri Lanka, visiwa vya Indonesia na Ufilipino, hadi ndani kabisa ya Pasifiki. Na kila ulipofika ulipewa jina. Shelisheli ni takamaka, Madagaska foraha, Sri Lanka domba, Java nyamplung, Ufilipino bitaog, Guam da'ok, Fiji dilo, Samoa fetau, Tahiti tamanu, Hawaii kamani. Huko Hawaii haukuelea peke yake. Ulifika ndani ya mitumbwi ya Wapolinesia wa kale, pamoja na mimea mingine waliyoona hawawezi kuishi bila hiyo. Mtu anayeanza safari ya maelfu ya kilomita baharini na kuchagua mbegu za kubeba hachagui mti wa kivuli tu.

Karibuni. Atakayeandika matumizi, naomba ataje sehemu ya mti, wakati wa kuichukua, na hatua moja moja.

#2 Bahari Shwari

Mkuu, swali la haraka. Huu si ndio ule mkungu? Au ni mtomondo? Maana nimesikia watu wakiyataja haya majina matatu kana kwamba ni mti mmoja.

#3 Jani Zuri

Bahari Shwari, asante, umegusa penyewe. Miti hiyo ni mitatu tofauti, na kuichanganya kuna hatari.

Mkungu ni Terminalia catappa. Matawi yake hujipanga ngazi kwa ngazi kama ghorofa, majani ni mapana zaidi karibu na ncha, yamejikusanya mwisho wa vitawi, na hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Tunda limebanwa pembeni, si la mviringo. Mtomondo ni Barringtonia racemosa, hupenda midomo ya mito na nyuma ya mikoko, na maua yake huning'inia katika mikia mirefu, hufunguka usiku.

Hatari iko hapa: kiini cha kungu huliwa. Kiini cha tondoo hakiliwi, ni sumu. Mtu akiandika majina ovyo, msomaji anaweza kulisha watoto kile kisicholika. Hata Hawaii wamepambana na mchanganyiko huo huo, kwa kuwa mkungu ulipofika kule waliuita kamani wa kigeni, na mpaka leo kuna watu wanasema "kamani" tu huku mmoja akimaanisha mtondoo na mwingine mkungu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya uwekaji kumbukumbu: jina la kienyeji liandikwe kama lilivyotamkwa, na pembeni yake jina la kitaalamu, na jina hilo la kitaalamu lithibitishwe kwa jani, si kwa kukisia. Jina la kienyeji peke yake linatangatanga. La kitaalamu peke yake halina watu ndani yake.

#4 Fundi Mkuku

Nimesoma nikasema leo nichangie. Mimi nimefanya kazi na mbao za vyombo vya baharini maisha yangu yote.

Mkisema "mtondoo ni mbao za mashua" mmesema nusu. Mashua ina mkuku, ule uti wa chini, ina mataruma, yaani mbavu zake za ndani, ina mbao za ubavuni, ina mlingoti. Kila kimoja kinataka mti wa tabia yake. Mtondoo wa ufukweni hausimami wima kama askari. Upepo wa bahari unauinamisha tangu mdogo, shina linalala kuelekea maji, matawi yanajipinda. Mwenye duka la mbao akiuona atasema hauna faida, hauwezi kutoa ubao mrefu ulionyooka. Fundi wa chombo akiuona macho yanamng'aa, kwa sababu taruma linataka kipande kilichopinda tangu kilipokuwa hai. Ukichonga pindo kutoka kwenye mti ulionyooka, unazikata nyuzi za mbao, na hapo ulipozikata ndipo litakapovunjikia siku ya dhoruba. Kipande kilichojipinda chenyewe kina nyuzi zinazofuata pindo mwanzo hadi mwisho.

Tabia yake ya pili: nyuzi za mtondoo zimepishana. Moja inakwenda kulia, jirani yake kushoto. Ndiyo maana haupasuki kirahisi ukipigiliwa msumari, na ndiyo maana randa inakuudhi, inanyofoa badala ya kuteleza. Unaichonga kwa subira na chuma kikali. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu, na ikisuguliwa vizuri inapendeza hata kwa fanicha.

Kwa hiyo ukimhoji fundi, usimwulize "mti huu unafaa nini?" Atakujibu "vyombo" na kunyamaza. Mpeleke chini ya mti, mwulize "hapa ungekata wapi, na kipande hicho kingekwenda wapi kwenye chombo?" Utamwona anaanza kuzunguka shina, anapima kwa mkono, anainamisha kichwa. Hapo andika.

#5 Jani Zuri

Fundi, nimesoma mchango wako mara tatu. Hilo la kumpeleka mtu chini ya mti ni kubwa kuliko miongozo mingi ya utafiti niliyoipitia. Maarifa mengi hayakai kwenye maneno, yanakaa kwenye mikono na miguu, na hayatoki mtu akiwa ameketi kwenye kiti.

Naongezea la Hawaii kwenye mbao, kwa sababu linaonesha jinsi tabia moja ndogo inavyoamua matumizi. Kule walichonga mabakuli ya chakula kwa kamani, na sababu ilikuwa kwamba mbao zake hazipeleki ladha kwenye chakula. Mti wao maarufu zaidi, koa, ni mzuri kwa mtumbwi lakini hutia uchungu kwenye chakula. Orodha ingeandika "mabakuli" na kuishia hapo, na ile "kwa sababu" ingepotea. Naomba tuitafute "kwa sababu" kila mara.

#6 Kokwa

Salaam wote. Mimi nimeyafanya mafuta haya kwa mikono yangu, kidogo kidogo, kwa hiyo niruhusuni niweke hatua.

Kwanza, tondoo haichumwi, inaokotwa. Unataka lile lililokomaa na kuanguka lenyewe. Lichunguze, kama lina tundu la mdudu au linasikika tupu ukilitikisa, liache. Pili, kupasua. Gamba ni gumu, na ukipiga kwa hasira unasaga kiini pamoja na vipande vya gamba, kisha unashinda siku nzima ukivitenganisha. Unaliweka juu ya jiwe lenye kibonde, unalipiga pigo moja la wastani kwa ubavu. Tatu, viini vinatandazwa tabaka moja, visilaliane. Hapa ndipo wengi wanakosea. Vikilaliana, vya chini vinaota ukungu, na ukungu ukiingia mafuta yote yanaharibika harufu. Unavigeuza. Jioni unaviingiza ndani au kuvifunika, asubuhi unavitoa.

Nne, kusubiri, kama alivyosema mwenye uzi. Mimi sihesabu siku, natazama. Kiini kikiwa tayari kinang'aa, rangi imeingia mpaka katikati ukikikata, na ukikibana kati ya kidole gumba na cha shahada kinaacha alama ya mafuta. Kama katikati bado kuna weupe, kirudishe juani.

Tano, kutwanga mpaka iwe kama udongo mzito, kuupasha joto kwa jua, kisha kukamua kwenye kitambaa kigumu. Yanayotoka yaache yatulie kwenye chombo, uchafu uzame, umimine ya juu.

Nayatumia kwa kuchua viungo vinavyouma na kupaka ngozi iliyopasuka. Ya kula sijawahi, wala sikubali mtu ayale.

#7 Jani Zuri

Dada Kokwa, Mungu akuzidishie. Huu ndio mfano wa kumbukumbu ninayoitafuta. Alama ya kidole kwenye kiini ni kipimo, hata kama hakina namba.

Nitaweka pembeni ya maelezo yako mambo machache ya kutahadhari. Kupaka mafuta haya kwenye majeraha, michubuko, ngozi iliyoungua na viungo kumeandikwa katika visiwa vingi vya Pasifiki na Bahari ya Hindi, na maabara zimeyachunguza na kukuta viambato kadhaa vinavyopunguza uvimbe na kuzuia baadhi ya bakteria. Lakini wapo watu ambao ngozi yao hupata mzio yakiwagusa, kwa hiyo tone moja ndani ya mkono na kusubiri siku moja ni busara. Na utomvu ni habari nyingine kabisa. Ukikata gome au tawi unatoka utomvu mweupe au wa manjano, na huo ukiingia machoni unaweza kumharibu mtu uwezo wa kuona. Mimea ya ukoo huu imetumika kulewesha samaki mahali pengine. Anayekwenda kukata sampuli asijifute uso kwa mkono uliogusa utomvu.

Mafuta yalikuwa pia ya taa kabla ya mafuta ya taa ya kununua. Huko Sri Lanka mafuta ya domba yaliwaka majumbani, na Java nyamplung hivyo hivyo. Miaka ya karibuni Indonesia wameyarudia mafuta hayo hayo kama dizeli ya mimea, kwa kuwa kiini kina mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake na mti unaota kwenye mchanga wa chumvi ambako mazao ya chakula hayaoti.

#8 Mpita Njia

Sipingi juhudi zenu, lakini nauliza kwa nia njema. Mti huu unajulikana dunia nzima, umeandikwa tangu 1753 kama mlivyosema, mafuta yake yanauzwa kwa jina la tamanu mpaka kwenye vipodozi. Kuna nini kipya cha kuandika? Si bora nguvu hizi ziende kwenye miti ambayo haijulikani?

#9 Jani Zuri

Mkuu Mpita Njia, swali lako ni zuri na nataka kulijibu kwa kisa, maana nimelifikiria sana.

Mwaka 1987, watafiti waliokuwa wakitafuta dawa kwenye mimea ya misitu walikusanya majani na vitawi vya mti mmoja huko Sarawak, kisiwani Borneo. Ulikuwa ndugu wa mtondoo, Calophyllum lanigerum. Sampuli zilikwenda maabara Marekani pamoja na maelfu ya nyingine. Ilipofika zamu yake, ilionekana kuwa ndani yake kuna kiambato kinachozuia virusi vya UKIMWI kuzaliana kwenye chembe hai zilizokuzwa maabara. Waliita kiambato hicho kalanolaidi A, na matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Kwa kawaida hatua inayofuata ni kurudi kuchukua sampuli zaidi. Walirudi. Mti haukuwepo, ulikuwa umekwisha kukatwa. Wakachukua kutoka miti mingine iliyofanana nao, na kiambato hakikuonekana kama mwanzo. Msako ulifika mpaka Bustani ya Mimea ya Singapore, ambako kulikuwa na miti iliyopandwa zamani, na huko kikapatikana tena. Baadaye ndugu mwingine, Calophyllum teysmannii, akaonekana ana kiambato cha karibu kwenye utomvu wake, unaovunwa bila kuangusha mti.

Dawa hiyo haikufika kwa wagonjwa kama dawa ya kawaida, sitaki kukuza habari. Ninachokitazama ni kitu kingine. Mti unaweza kuwa "unajulikana" kwa jina, na bado mti ule, mahali pale, kwenye udongo ule, ukawa na kitu ambacho jirani yake hana. Kilichowawezesha kuendelea baada ya mti kutoweka ni kwamba kulikuwa na sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa, yenye maelezo ya mahali ilikotoka. Bila hiyo wasingejua hata watafute aina gani.

Tukirudi kwa mtondoo wetu: ndiyo, jina linajulikana. Lakini je, imeandikwa kisiwa kwa kisiwa ni mwezi gani tondoo zinaanguka kwa wingi? Ni mti upi watu wanauchagua kwa mafuta na upi wanauacha, na kwa nini? Fundi Mkuku ameandika hapo juu jambo la nyuzi kufuata pindo. Dada Kokwa ameandika pigo moja la wastani kwa ubavu. Hayo hayamo kwenye chupa ya tamanu.

#10 Mpita Njia

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya Borneo imenigusa. Natoa swali langu, naomba niwe mmoja wenu.

#11 Mwanafunzi wa Majani

Shikamooni wakubwa. Ninasoma mambo ya mazingira na ningependa kuanza na mtondoo mmoja ulio jirani nami. Sina vifaa zaidi ya simu. Naanzia wapi?

#12 Jani Zuri

Marahaba. Simu na daftari vinatosha, ukiongeza magazeti ya zamani na mbao mbili.

Anza na mti mzima, usianze na ua, ingawa ua ndilo litakalokuvuta. Simama mbali upige picha inayoonesha umbo lote na mahali uliposimama: mchanga, mwamba, ukingo wa mikoko. Umbali wake kutoka alama ya maji kujaa uandike kwa hatua zako, kisha upime hatua yako ni sentimita ngapi. Shina lipime mzingo kwa kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Ndicho kimo wanachotumia watu wa misitu katika nchi nyingi, kwa hiyo namba yako itaweza kulinganishwa na za wengine. Gawa mzingo kwa 3.14 upate upana. Mtondoo ukiwa umelala, kimo hicho kifuate shina lenyewe, usikipime wima hewani, na uandike kuwa umelala.

Kisha karibia. Jani pande zote mbili, na moja ukilishika dhidi ya mwanga ili mishipa ionekane. Ua, kama lipo. Tunda bichi, tunda kavu, tunda lililopasuliwa. Weka rula pembeni kila mara. Picha isiyo na kipimo inadanganya.

Sampuli: kata kitawi chenye majani na, ikiwezekana, maua au tunda, urefu usiozidi ukurasa wa gazeti. Kipange ndani ya gazeti jani moja likionesha mgongo, likunje linalozidi, bana kwa mbao na mawe. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo, maana majani ya mtondoo ni mazito na hushika maji, ukizembea yanaota ukungu na kuwa meusi. Tunda halibaniki, lianike peke yake na ulifunge kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ile ile. Namba ndiyo uti wa mgongo. Namba moja kwenye gazeti, kwenye picha, kwenye daftari, kwenye mfuko. Yaandike na mambo ambayo sampuli kavu haitayahifadhi: rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu. Sampuli ikikauka ipeleke hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa la chuo au taasisi, itunzwe huko.

Na kabla ya kukata chochote, omba ruhusa kwa mwenye eneo.

#13 Fundi Mkuku

Kijana, ongeza moja. Uliza mti una umri gani na nani anaukumbuka ukiwa mdogo. Mtondoo unakua polepole. Aliyeupanda mara nyingi hakuupanda kwa ajili yake.

#14 Bahari Shwari

Nina wasiwasi na jambo. Tukiyaandika haya yote hadharani, si tunawapa wenye viwanda? Dada Kokwa kaeleza hatua zote bure. Kesho mtu anaziandikisha kama ugunduzi wake.

#15 Jani Zuri

Wasiwasi wako una msingi, na sitaupuuza. Kuna makubaliano ya kimataifa, Itifaki ya Nagoya, yaliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, yanayozitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba anayetumia rasilimali za mimea na ujuzi wa jadi unaoambatana nazo amepata ridhaa kwanza, na kwamba faida inagawanywa kwa haki. Maandishi yenye tarehe nayo ni ngao, kwa sababu mtu hawezi kudai amegundua leo kile kilichokwisha andikwa jana.

Lakini hapa katikati yetu, kanuni yangu ni hii: anayesimulia aambiwe mapema maelezo yake yatakwenda wapi, aulizwe kama anataka kutajwa au la, na yale atakayosema "haya usiandike" yasiandikwe. Tahiti miti hii ilisimama kwenye maeneo matakatifu ya ibada, na kuna mambo yake ambayo watu hawakuyasema kwa kila anayepita. Daftari linaweza kuwa na ukurasa mtupu, na ukurasa huo uheshimiwe.

#16 Kokwa

Bahari Shwari, asante kwa kunijali. Mimi nilifikiri kabla ya kuandika. Aliyenifundisha alisema nisikilalie hiki kitu. Nilichoacha nimekiacha kwa makusudi.

#17 Mwanafunzi wa Majani

Wakubwa, nimetoka kwenye mti. Una mzingo wa sentimita 214, umelala kuelekea maji. Ila nina swali jingine. Matawi mawili ya juu yamekauka, majani yamenyauka yakiwa bado yameshikilia, na mengine chini yake yako mazima kabisa. Ni kiangazi tu au kuna kitu?

#18 Jani Zuri

Liandike hilo, na upige picha leo leo. Sisemi ni ugonjwa, tawi linaweza kufa kwa sababu nyingi, upepo wa chumvi ukiwemo. Lakini Shelisheli wamepoteza takamaka wengi kwa ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na kuvu anayeziba njia za maji ndani ya mti. Kuvu huyo anabebwa na mbawakavu mdogo sana wa gome. Dalili yake huanza namna hiyo: majani yananyauka juu, tawi linakufa, kisha linafuata jingine. Mauritius nako umeonekana.

Tazama gome la tawi lililokauka. Unatafuta vitundu vidogo kama vya sindano na unga mwembamba. Usilibebe tawi hilo kwenda kwenye miti mingine, na kifaa ulichokatia kisafishe kwa spiriti. Kama vitundu vipo, wapelekee picha watu wa misitu wa eneo lako.

#19 Mwanafunzi wa Majani

Nimerudi kuangalia. Tawi nililolifikia halina vitundu. La juu zaidi sijaweza kulifikia. Nimeandika yote mawili.

#20 Jani Zuri

Vizuri sana, hasa hilo la pili. Rudi baada ya wiki mbili, usimame pale pale uliposimama, upige picha ile ile.

#21 Mpita Njia

Na mimi nimeokota. Matondoo 60, nimetupa 11 yaliyotobolewa, mengine nimeyapasua kama alivyoelekeza Dada Kokwa. Nilivunja vibaya saba ya kwanza kabla mkono haujazoea. Viini 42 viko juani sasa hivi, tabaka moja, havijalaliana. Vichache kati ya vile vilivyovunjika nimevizika kwenye mchanga nione kama vitaota.

#22 Kokwa

Vilivyovunjika haviwezi kuota, kaka. Ukitaka kupanda, chukua tondoo zima, litoe gamba taratibu bila kukijeruhi kiini. Linaota mapema zaidi kuliko likiachwa na gamba.

#23 Jani Zuri

Mpita Njia, andika tarehe ya leo na saa. Kipige picha kiini kimoja kilichokatwa katikati, kabla rangi haijaingia. Kila Ijumaa kata kingine, ukiweke pembeni ya rula, mwanga ule ule. Mvua ikinyesha iandike, hata ya nusu saa. Siku kidole chako kitakapoacha alama aliyoisema Dada Kokwa, tuletee idadi ya siku humu.

#24 Mpita Njia

Leo ni siku ya kwanza. Saa nne asubuhi, jua kali, upepo kidogo kutoka baharini. Katikati ni cheupe kabisa.